Grafu ya Ufa

Jumanne ya wiki ya kumi ya muhula wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ukuta wa mashariki wa darasa la sita ulimwangukia mwalimu wa hisabati. Alikuwa amesimama juu ya kiti, msumari mdomoni na nyundo mkononi, akitundika cheti. Watoto wake arobaini na saba walikuwa nje kwa mapumziko. Ukuta haukumeguka vipande vipande. Ulilala chini wote kwa pamoja, kama mtu aliyechoka kupanga foleni. Vumbi lilipotulia, kiti kilikuwa kizima.

Cheti chenyewe kilikuwa cha ufa wa ukuta huohuo.

Mwanzoni mwa muhula mwalimu aliuona ufa akamwandikia Mwalimu Mkuu, Mkuu akaiandikia ofisi ya elimu, ofisi ikanyamaza. Mwalimu hakuwa mtu wa kugombana. Alisema kama ufa hauzibwi, basi angalau ufundishe. Kila Ijumaa watoto walijigawa katika vikundi. Kikundi kimoja kilipima upana wa ufa sehemu tatu, cha pili kikatafuta wastani, cha tatu kikachora mhimili wa wiki na mhimili wa milimita, na cha mwisho kikapaka rangi. Wiki ya kwanza, milimita mbili. Wiki ya sita, kumi na nne. Wiki hiyo ya sita mwalimu aliikunja grafu akaituma ofisini kupitia kwa Mkuu, bila barua, kwa kuwa barua alishaona hazisomwi. Siku hizohizo mtihani wa Kiswahili uliwataka watoto wakamilishe methali, "Usipoziba ufa," na wote arobaini na saba walipata. Mkuu naye angepata. Hata kule ofisini, ukiwauliza mmoja mmoja, wangepata.

Jibu la ofisi lilifika Jumatatu ya wiki ya kumi. Kilikuwa cheti cha zana bora ya kufundishia, chenye mhuri katikati na maua pembeni.

Mume wa mwalimu alikuwa seremala, na shule ilimpa kazi za madawati yaliyovunjika miguu. Shuleni kwenyewe aliishia darasa la nne, mwaka baba yake alipofariki akaachiwa msumeno. Watoto walimwita Babu Randa. Fremu ya cheti aliitengeneza yeye, kwa mbao ngumu, akaipiga msasa mpaka ikateleza kama sabuni. Alipoipeleka alimuuliza Mkuu mahali pa kuitundika.

"Ukuta wa mashariki," Mkuu alisema. "Mgeni akiingia mlangoni tu, macho yanafikia pale."

"Si ndio wenye ufa, Mkuu?"

"Sasa fundi, cheti cha ufa unataka kikae wapi, chooni?"

Walicheka wote wawili. Kicheko hicho seremala hajakisahau. Alikusudia akitundike mwenyewe akimaliza kuunganisha mguu wa dawati, lakini gundi ilikuwa haijashika, na mkewe alikuja karakana akiwa na haraka. "Msumari mmoja tu, mume wangu. Niazime nyundo." Akamwazima.

Mwalimu alizikwa Alhamisi. Ofisi ilituma barua ya pole iliyosema "kufuatia tukio lililojitokeza." Seremala aliisoma kwa kidole mara tatu, akidhani kuna mahali ameruka neno ukuta. Hakuruka. Halikuwemo.

Siku ya nane baada ya mazishi, Ijumaa, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, mwalimu alirudi kazini.

Upande wa mashariki Mkuu alikuwa ametundika turubai la bluu. Mwalimu alilifunua akaingia pale ulipokuwa ukuta, vumbi la tofali mabegani na kwenye nywele, vitabu kwapani. Watoto walisimama, wakamwamkia, akaitikia.

"Kaeni. Tuliishia wapi?"

Kiranja wa darasa alikuwa msichana mrefu waliyemwita Rula, kwa sababu hakutembea bila rula. Alisimama. "Wiki ya tisa, mwalimu. Milimita ishirini na tatu."

"Vizuri. Leo tunaanza sehemu. Toeni karatasi, kila mtu aikunje mara mbili."

Karatasi zikatoka. Mtoto wa dawati la mbele alinyanyuka akampangusa vumbi begani kwa kitambaa cha ubao, mwalimu akasema asante, somo likaendelea. Mkuu alipita dirishani, akasimama kidogo, akasikiliza nusu na robo. Kisha alirudi ofisini kwake akaichana barua ya kuomba mwalimu mwingine. Si vizuri kuomba kitu ambacho unacho.

Mchana Rula alifika karakana.

"Babu Randa, shikamoo. Mwalimu anaomba rula ya ubao, ya mita moja. Ile ya zamani ilivunjika na ukuta."

"Marahaba. Mwalimu yupi?"

"Wa hisabati."

Seremala aliweka randa chini. Alitafuta ubao ulionyooka, akauchonga, akaugawanya sentimita mia moja kwa penseli iliyochongwa vizuri, kila kumi akiweka alama ndefu. Kazi hiyo ilimchukua mpaka jioni, kwa sababu kila alama aliirudia kuipima upya. Jumatatu aliipeleka. Mkewe alikuwa ubaoni akigawanya duara.

"Weka pale pembeni, fundi," alisema bila kugeuka. "Asante."

Kwa miaka thelathini na moja ya ndoa alimwita mume wangu akiwa na furaha na wewe bwana akiwa amekasirika. Fundi hakuwahi kumwita.

Kengele ilipogongwa mwalimu alikusanya vitabu, akafunua turubai, akatoka. Seremala alizunguka nje mbio mbio kwa mguu wake mbaya. Nyuma ya turubai kulikuwa na rundo la tofali na majani ambayo hayakukanyagwa na mtu. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne aliamua kwamba kama mke hapatikani nje ya kipindi, atamfuata ndani ya kipindi, akaenda kwa Mkuu kujiandikisha.

"Umri?" Mkuu aliuliza, kalamu mkononi.

"Hamsini na tisa."

"Darasa la mwisho kumaliza?"

"La nne."

"Kwa haki ungeanza la tano," Mkuu alisema, "lakini la tano halina mwalimu." Akamwandika kwenye rejista ya darasa la sita, namba arobaini na nane. Hakuona tabu. Chaki ziligawiwa kwa idadi ya vichwa, na kichwa ni kichwa, kiwe na mvi kisiwe na mvi.

Alipewa dawati la nyuma, moja ya yale aliyoyatengeneza mwenyewe kwa vipimo vilivyoletwa na ofisi. Magoti hayakuingia. Aligundua kwamba hata magoti ya Rula hayakuingia, na ya wengine kumi na tano. Miaka sita watoto walikuwa wakilalamika naye akiwaambia wakae vizuri. Wakubwa walikaa mahali na viti vyao vyenye magurudumu, wakampima mtoto wa kufikirika, na yeye akakata mbao kwa kipimo cha mtoto huyo.

Hivyo ndivyo seremala alivyoanza kusoma kwa mkewe marehemu, siku tano kwa wiki, dakika arobaini. Walipima uwanja kwa kamba yenye mafundo. Walichora ramani ya shule, hatua moja nje ikawa nusu sentimita kwenye daftari, na kikundi chake ndicho kilichopata ramani ambayo vyoo havikuangukia barabarani. Kwenye vipimo hakuna aliyemweza. Kwenye kugawanya kwa njia ndefu walimcheka.

"Babu, umeshusha sita?"

"Nimeshusha mapaa ya nyumba ngapi maisha yangu, sita itanishinda?"

"Sasa mbona umeiacha hewani?"

"Naipumzisha."

"Nyuma kuna kelele," mwalimu alisema. "Namba arobaini na nane, njoo ubaoni."

Alikwenda. Alisimama hatua moja kutoka kwake. Alisikia harufu yake, ile ya mafuta ya nywele, na juu yake harufu ya tofali bichi. Akafanya hesabu akakosea. Mwalimu alichukua mkono wake wenye chaki, akauongoza mpaka mahali pa kuiweka ile sita, akauachia. Mkono wa mwalimu ulikuwa mwepesi, wa baridi, na ulikuwa na msumari uliojificha kwenye kiganja. Alimwandikia kwenye daftari kwa wino mwekundu: Jitahidi. Daftari hilo seremala alipofika nyumbani aliliweka kwenye meza, upande ambao mkewe alizoea kuweka miwani.

Vumbi lake halikwisha. Kila baada ya kipindi zamu ya usafi ililifagia, na kwa kuwa wiki ile mada ilikuwa uzito, walilipima kwenye mizani ya sayansi. Gramu mia tatu na arobaini. Kesho yake mia tatu na hamsini na tano. Waliandika kwenye jedwali.

Mwezi ulipokatika, seremala alijikaza. Kengele ilikuwa imeshagongwa, watoto wakitoka, mwalimu ameshika ukingo wa turubai.

"Twende nyumbani," alimwambia. "Au kama si nyumbani, basi kapumzike kule tulikokuweka. Umechoka. Naona mabega."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mwenye swali zuri saa mbaya. "Siwezi kuondoka kituoni bila barua," alisema. "Mwalimu haondoki kituoni bila barua, na barua lazima iseme sababu." Akatoka.

Seremala alilielewa hilo mara moja. Mkewe alifundisha miaka ishirini na sita na hakuwahi kuondoka hata kwenda kumzika mama yake kabla ya ruhusa kusainiwa. Mtu haachi tabia kwa sababu ndogo kama kufa.

Alivaa koti lake la harusi akaenda ofisi ya elimu. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Karani aliyemwita alikuwa mama mpole, mwenye miwani ya kamba, na hakumfokea hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye; angefokewa angekuwa na la kusimulia.

"Mzee wangu, nimelitafuta faili," karani alisema. "Huyu marehemu wako amesaini mpaka jana." Akamgeuzia nakala ya kitabu cha mahudhurio. Tangu ile Ijumaa sahihi ya mkewe ilikuwepo kila siku, nyeupe, kama ya chaki.

"Nimemzika mimi."

"Sikatai, mzee. Kuzika ni mambo ya familia. Sisi tunakwenda na kitabu. Anayesaini hajafa. Akifa, hasaini."

"Naomba barua tu. Iseme amefariki, iseme ni kwa ukuta."

"Ukuta upi?"

"Wa darasa la sita. Ulioanguka."

Karani alipekua tena, kwa uangalifu, karatasi moja moja, akilamba kidole. "Hakuna ukuta ulioanguka humu. Kuna ombi la turubai. Lilikubaliwa." Akatabasamu kumpa moyo. "Mlete Mkuu aandike kwamba mwalimu hayupo kazini. Hapo tutaanzia."

Kutoka nje alipita kwenye korido, na kati ya ramani ya dunia na ratiba ya usafi aliiona grafu. Ilikuwa ileile, na rangi za watoto, mstari ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia kama mbuzi anayeparamia kilima. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani: Nadhifu sana.

Seremala alisimama mbele yake. Zamani angeona rangi tu. Sasa alijua mhimili ni upi na kipimo ni kipi, na aliisoma kama anavyosoma ubao uliopinda. Wiki ya kwanza mbili, ya tatu sita, ya sita kumi na nne. Aliweka kidole pale mstari ulipoishia, akauendeleza hewani, wiki ya saba, ya nane, ya tisa, ukipanda kwa ukali zaidi kila hatua. Kidole kilipofika wiki ya kumi kilikuwa kimetoka nje ya karatasi, kimegonga mlango wa bwana elimu. Ulikuwa umefungwa. Ndani mtu alikuwa akipiga chafya.

Ndipo alipokumbuka, akiwa bado na kidole juu. Jumamosi ya wiki ile ya sita grafu hiyo ilikaa kutwa nzima kwenye meza yake nyumbani. Mkewe alikuwa akinyoosha mikunjo ya karatasi kwa glasi ya maji ya moto. Alimwambia, "Hebu itazame, mume wangu." Naye aliitazama, akasema watoto wa siku hizi wana rangi nzuri.

Hakumwambia mtu jambo hilo. Alipanda kilima kurudi shuleni akiwalaani wote, kuanzia bwana elimu mpaka mchonga mhuri, kwa sauti, mpaka wapita njia wakampisha.

Mkuu alimsikiliza akiwa amekunja mikono. "Fundi, mimi ni mtu mzima. Nitaandikaje hayupo, na kipindi cha nne leo nimemwona kwa macho yangu akifundisha asilimia? Watoto wanaelewa. Vijana wa la saba wanaomba wahamie la sita."

"Amekufa, Mkuu."

"Najua amekufa. Nilibeba jeneza. Nakuambia kuhusu kuwepo." Aliteremsha sauti. "Na ukishaandika ukuta, wataniuliza nani alisema cheti kitundikwe pale. Na wewe watakuuliza nani alitengeneza fremu ya kilo nne."

Seremala aliondoka bila kuaga.

Rula alimkuta karakana akipiga randa ubao ambao ulishakuwa mwembamba kama karatasi. Habari zilikuwa zimemfikia. Shuleni habari haziombi ruhusa.

"Babu, ni kweli unataka kumtoa mwalimu?"

"Nataka apumzike, mjukuu wangu. Yule ni mke wangu."

"Nani atatufundisha?"

"Wataleta mwingine. Ndiyo kazi yao."

Rula alicheka kwa pua. "Darasa la tano wanasubiri mwalimu wa sayansi tangu sijaota meno ya mbele. Babu, sisi mwakani tuna mtihani wa mwisho. Umeona tulivyo sasa? Hata Kobe anajua asilimia." Kobe alikuwa mtoto wa dawati la pili, na kweli alikuwa anajua. "Subiri basi mpaka tufanye mtihani. Halafu umpumzishe."

"Na watakaowafuata?"

Rula aligeuza rula yake mkononi, upande wa inchi, upande wa sentimita. "Nao wana haki," alisema.

Seremala alichukia kukosa jibu, kwa sababu kulitafuta ilikuwa kazi ya watu wengine, wenye ofisi na kalamu za kijani, nao wameiacha mlangoni kwa mtoto wa miaka kumi na mbili na fundi wa darasa la nne.

Wiki ya mwisho ya muhula wa tatu alikuja mkaguzi. Mkuu aliamuru turubai lioshwe, na mwalimu apanguswe vizuri mgongoni, pale ambapo mwenyewe hafiki. Mkaguzi alikuwa kijana mnene kidogo, mwenye faili lenye kamba, viatu vyake vikilia kila hatua. Alikaribishwa nyuma, na nafasi pekee iliyokuwepo ilikuwa dawati la namba arobaini na nane. Magoti yake nayo hayakuingia. Alikaa upande, kando ya seremala.

Mwalimu aliingia kupitia turubai. Mkaguzi alitazama saa akaandika: Amefika kwa wakati.

Siku hiyo mwalimu aliwarudisha kwenye grafu. Vikundi viliichora upya kwenye karatasi kubwa, kutoka kwenye madaftari yao, mpaka wiki ya tisa. Kobe ndiye aliyepewa kuisoma mbele ya darasa, na aliisoma bila kukwama, namba baada ya namba, huku Rula akionyesha kwa ile rula ya mita moja. Mkaguzi aliandika: Ushirikishwaji mzuri. Zana inatokana na mazingira. Halafu akaandika: Mwalimu azingatie usafi wa mavazi (vumbi).

Seremala aliusoma mstari huo akichungulia juu ya bega lake. Alikuwa anasoma vizuri sasa.

"Kijana wangu," alinong'ona, "nakuomba kitu kimoja. Hapo chini pana nafasi. Andika kwamba amekufa. Na uandike ukuta."

Mkaguzi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mzee, nitaandikaje amekufa, na nimemsikiliza dakika thelathini na tano?"

"Unaona vumbi."

"Nimeliandika."

"Unajua limetoka wapi."

"Hakuna sehemu ya kuandika limetoka wapi, mzee wangu. Tazama mwenyewe." Akamgeuzia fomu. Ilikuwa kweli. Palikuwa na sehemu ya vumbi, na chini yake sehemu ya mwandiko wa ubaoni.

"Basi ongeza sehemu!" Seremala alisema, na safari hii hakunong'ona. Alisimama, dawati likasimama naye kwenye magoti, likaanguka. "Ongeza mstari mmoja! Mkono wako una uzito gani? Mke wangu amesimama pale miezi minne, anafagiliwa kama sakafu, hawezi kulala kwa kukosa mstari mmoja!"

Watoto waligeuka. Mkuu, aliyekuwa mlangoni, alianza kukohoa.

Mwalimu aliweka chaki chini. "Nyuma kuna mazungumzo," alisema. "Kama yanahusu somo, yaleteni mbele, wote tusikie."

Mkaguzi alifunga kamba ya faili. Seremala alisimama mikono ikining'inia, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliona kwamba mkewe anamtazama yeye, si namba yake. Ulikuwa ni ule mtazamo wa upande wa meza, siku ya Jumamosi, glasi ya maji ya moto mkononi. Haukuwa na hasira. Ulikuwa unangoja.

Kisha mwalimu aligeuka ubaoni akaandika swali, polepole, kwa mwandiko wake ulioinamia kulia. Alipomaliza aliinua rula ya mita moja, akamwonyesha mkaguzi, akamwonyesha Mkuu pale mlangoni. Halafu akaielekeza nyuma kabisa, kwa namba arobaini na nane, ikatulia hapo.

"Asiyeelewa aulize," alisema. "Anayeelewa anyooshe mkono."

Kengele ikagongwa. Siku zote kengele ikigongwa mwalimu alikusanya vitabu. Siku hiyo hakuvikusanya. Mkaguzi aliangalia saa, akasema ana shule nyingine mbili kabla ya saa nane, akaondoka na viatu vyake. Mkuu alimsindikiza hadi kwenye gari. Watoto walitoka kula wakarudi, wakatoka kwenda nyumbani. Seremala alibaki amesimama kando ya dawati lililoanguka, mkono wa kulia akiuinua mpaka kifuani, akiushusha, akiuinua.

Ripoti ilikuja mwezi uliofuata. Ofisi ilimpa mwalimu cheti cha mahudhurio bora, maana muhula huo hakukosa hata siku moja, na ikashauri turubai libadilishwe kila baada ya miaka miwili. Rula, Kobe na wenzao walipanda darasa la saba na asilimia zao kichwani. Waliingia wengine hamsini na mmoja. Namba arobaini na nane alirudia darasa. Kwenye fomu ya matokeo, mbele ya jina lake, paliandikwa kwa wino mwekundu kwamba hajamaliza zoezi.

Mwalimu hatoki tena kupitia turubai. Yuko pale asubuhi watoto wakifungua mlango, na yuko pale wakiufunga, amesimama kando ya ubao, mabega yakidondosha vumbi ambalo sasa wanalipima kwa kilo. Anafundisha kwa mdomo na kwa karatasi za kukunja, kwa sababu ubao umejaa na haruhusu ufutwe. Wageni wakija wanausoma, wanasema mwandiko ni mzuri, wanasaini kitabu. Seremala anakaa nyuma, magoti nje, macho kwenye daftari. Swali liko palepale:

Wiki ya sita, kila aliyeishika grafu hii mkononi mwake, aliona nini?